Vile nilipata pine zenye haziniumizi mgongo hapa Goma

Kila mtu hapa Goma ni fundi wa pine, yaani tairi. Uliza tu, hata motari wa pikipiki mwenye hajawahi kushika volanti ya gari atakuambia "vye, weka pine ya nguvu, huku ni mawe", na anaondoka bila hata kukuuliza unaendesha gari gani. Sawa, ni mawe. Najua ni mawe. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, watu wakajenga tena juu yake, na kwenye haikufika mwaka ule ilishafika zamani za babu zetu, kwa hiyo avenyu zetu za ndani ni jiwe tupu lenye kukata. Lakini pine yenye haipasuki na pine yenye inalainisha safari si pine moja, mara mingi zinapingana kabisa, na hiyo hakuna mtu aliyeniambia, nililazimika kuitafuta mwenyewe na franka zangu.

Gari ni RAV4 ya 2008, volanti kuume, ilipitia Dubai, ikaja na janti, ile chuma ya kushika pine, za 18 zenye kung'aa. Nzuri kuangalia. Mwenye aliniuzia alinionyesha zile janti kabla ya moteri, ningepaswa kumshuku pale pale. Siku ya Mungu ninapelekaka mama mkwe misa ya Ndosho, na akishuka anashikaka mlango kwanza, anapumua, alafu ananiambia na upole wote: "Mukwe wangu, aksanti sana, lakini hii gari yako ni chukudu yenye moteri." Chukudu njo ile kama baisikeli ya mbao ya kubebea mizigo hapa kwetu.

Makanisie mmoja, fundi wa gari, akasema ni amortiseri, zile za kutuliza springi. Mwingine akasema ni silembloki, zile mpira za viungo vya chini. Silembloki za mbele kweli zilikuwa zimekufa, nikabadilisha, kelele ya kule chini ikaisha na vipigo vikabaki vile vile. Amortiseri nilikataa. Nilisukuma gari kila kona na uzito wangu wote (na niko na uzito, asante), ikashuka ikapanda ikatulia mara moja, sasa amortiseri ya namna hiyo unaitoa juu ya nini? Ila makanisie anakula ku amortiseri, hali ku pine, muelewe.

Njo nikaanza kusoma ubavu wa pine. Yangu iliandikwa 235/55R18. Ile 235 ni upana kwa milimita, 55 ni asilimia ya ule upana njo inakupa urefu wa ubavu, 18 ni janti kwa inchi. Piga hesabu: 235 mara 55 kwa mia, unapata milimita 129 za mpira na upepo kati ya janti na jiwe. Sasa RAV4 hizi hizi zingine zinatokaka kiwandani na 225/65R17, na pale ubavu ni 146. Milimita 17 za ziada. Unaweza ziona ndogo, lakini njo nafasi yenye pine inatumia kukunjama juu ya jiwe kabla kipigo hakijafika ku kiti. Na pine nzima haibadiliki sana urefu, inazidi kwa milimita 8 au 9 hivi, kwa hiyo kadran ya mwendo haikudanganyi na haikwaruzi popote. Kuna pia 215/70R16 yenye ubavu wa 150, ningependa, sikupata janti zake.

Watu wanasahau hata pine ya upepo ilianza juu ya nini. Dunlop, daktari wa wanyama kule Belfast, alipata hati yake mwaka 1888, na aliijaribu kwanza ku kibaisikeli cha mtoto wake cha magurudumu matatu, juu mtoto asiendelee kurushwarushwa barabarani. Mpira wenyewe baadaye wakaja kuutafuta kwetu wakati wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na babu zetu wa upande wa jimbo la Équateur walilipa kwa mikono yao kukatwa, hiyo siwezi hata kuitania. Nasema tu: chenye kinakulainishia njia ni upepo, na mpira ni mfuko wa kuushika. Ukichukua mfuko mugumu umenunua gurudumu la mbao kwa bei ya dola.

Janti za 17 nilizipata mtaa wa Birere, okazio, yaani zenye zilishatumika, zilitoka ku RAV4 ingine yenye iliumia nyuma. Matundu tano ya bolti ku duara ya milimita 114.3, tundu la katikati milimita 60.1, zinaingia bila kulazimisha. Nikazizungusha chini ku simenti moja moja juu kuona kama iko yenye imepinda, muuzaji akakasirika, nikaendelea kuzungusha.

Sasa shemeji. Shemeji yangu anaendesha Land Cruiser ya kazi, kwa hiyo ku familia yeye njo anaongea juu ya magari na sisi tunasikiliza. Aliposikia niko na janti bila pine akaja na mapine ine ndani ya pikapu, karibu mpya, meno makubwa, "shemeji, hizi hata volkano ikirudi utapita". Vipimo ni vile vile, 225/65R17, lakini mbele yake kuna herufi mbili, LT, na chini kabisa kwa maandishi madogo 10PR. Nikauliza hizo ni nini, akasema ni alama ya ubora. Ubora! LT ni pine ya kamioneti, ya kubeba mzigo, na ile 10PR ni daraja la nguvu ya nyuzi za ndani. Kijana wa kwado, pale wanaziba na kufunga pine, alipoziingiza ku janti alitoka jasho, akapanda juu na miguu miwili, akaruka, ubavu haukusogea. Aliniangalia. "Patro, hii ni ya kubeba magunia ya makala ya kupikia?" Shemeji akamwambia afanye kazi yake.

Tulitoka Birere kurudi nyumbani na mimi nikiendesha polepole kabisa. Mlango wa kasanduku ya mbele ukafunguka peke yake. Kioo cha katikati kikainama kikawa kinanionyesha magoti yangu. Ku gudro, barabara ya lami, ikawa mlio, uuuuu, mpaka radio nikazima, tulipoingia ku mawe mlio ukaisha juu meno yenyewe yalianza kugonga, na termosi ya chai ya mke wangu, yenye ilikuwa nyuma tangu asubuhi, ikapasuka ndani, tulisikia tu kioo kinacheza shaa shaa kila jiwe. Shemeji yuko pembeni ameshika mpini wa juu kwa mikono miwili na ananiambia "unasikia vile imekaa ku barabara?" Siku ya Mungu mama mkwe akapanda mbele, hakusema neno, si kawaida yake, na kabla hatujafika akaomba nimuache ku kona, atamalizia na miguu. Nikampigia shemeji simu. "Zitazoea", anasema. Pine inazoea nini? Njo mgongo utazoea!

Alafu akanishauri nitoe upepo, nishushe mpaka kilo moja na nusu (kilo njo kipimo chetu cha upepo) zitalegea. Hapana. Pine ya LT inahitaji upepo mwingi zaidi kuliko ya kawaida ili ibebe uzito ule ule, ukiitembeza tupu inakunjama vibaya, inapata moto ndani, na siku moja inaachia. Nilimuuzia mtu wa pikapu mwenye anabeba viazi, na yule alifurahi kweli, juu kwake njo zilikuwa mahali pake, na mimi sikupoteza hata franka, nadhani nilipata kidogo juu yake. Shemeji bado anasema niliziuza haraka.

Kisha nikarudi Birere kutafuta zenyewe, na pale ukiwa haujui kusoma watakumaliza. Okazio zenye kutoka Japani ni nzuri kwa macho. Moja nilibonyeza na kidole gumba ikaingia, laini laini, muuzaji akasema "hii njo confort, papa". Nikaigeuza: studless, na alama ya mlima wenye theluji. Pine ya baridi! Mpira wake ulipikwa kwa kushika barafu, wazungu wanaziweka joto likishuka chini ya digri 7, sisi digri 7 tunaionaka ku friji. Kweli zinatembea laini, sikatai, lakini ku joto na ku mawe yetu zinakwisha mbio na meno yake yanang'olewa vipande. Nyingine ilikuwa na meno yote, nyeusi, imepakwa ile dawa ya kung'arisha, lakini tafuta neno DOT ubavuni na uangalie namba ine za mwisho: 3512, maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2012. Mpira wa namna hiyo umekauka, hata kama haukutembea kilometa moja ni mgumu, na ukikunja ubavu unaona mistari midogo midogo. Hiyo DOT wanapendaka kuigeuza upande wa ndani, upande wa gari. Inama.

Nilinunua mpya, za barabara, zenye wanaita H/T, meno madogo yenye kukaribiana, 225/65R17 102H. Ile 102 ni kilo 850 kwa kila pine, mara ine ni tani tatu na nusu karibu, RAV4 yangu na watu wote na magunia haifiki pale. Kulikuwa na ingine imeandikwa XL, muuzaji akasema ni kubwa zaidi. Si kubwa, ukubwa ni ule ule, imeongezewa nguvu ya kubeba, na mara mingi ubavu wake ni mugumu zaidi, kwa hiyo kama haubebi haina faida kwako. Jina la kampuni sitaliweka, kila mtu atanigombeza. Bei ni dola mia na kitu kwa moja, usikubali ya kwanza, na ukichukua ine dai wafanye na ekilibraji, kusawazisha uzito wa gurudumu, humo humo, bila hiyo volanti itatetemeka ukipata gudro ya kweli na utarudi kulaumu pine.

Na bado haikuwa laini! Karibu nilie. Kumbe kijana wa kwado aliweka upepo kwa sikio, anagonga na nyundo, anasikiliza, "imetosha". Nilinunua manometri yangu, ile ya kupima upepo, ndogo, bei ya bia chache, nikapima asubuhi kabla gari haijatembea juu pine ikipata moto namba inapanda: kilo 3.4 mbele. Ku kibandiko cha mlango wa dereva wameandika 2.2! Tangu siku ile natembea na manometri ndani ya gari, na yule kijana akiniona anacheka, "daktari amefika".

Hapa njo niko na ujanja wangu, ninunulieni soda. Unachukua chaki, ile ya shule, unapiga mstari mnene kukatiza pine, kutoka bega mpaka bega. Unatembeza gari ku simenti sawa, mbele nyuma, mita chache, unashuka kuangalia. Ku ile 3.4 chaki ilifutika katikati tu, kidole kimoja cha upana, pembeni nyeupe kabisa, maana yake nilikuwa natembelea mgongo wa pine na pembeni zote zinaning'inia hewani. Nikatoa kidogo, nikapiga chaki tena, nikatembeza, na watoto wa jirani washakuja kusimama pale wakidhani ni mchezo, mmoja anaomba chaki. Mstari ulifutika wote sawa karibu kabisa na ile 2.2 ya mlangoni. Ungeniambia nisome mlango tu? Ningesoma, lakini sasa nimeona na macho. Chini ya pale usishuke hapa Goma, ukitafuta ulaini zaidi jiwe litabana ubavu ku janti na utanunua vyote viwili.

Kuhakikisha nikaweka beseni ya maji nusu nyuma, nikapita ile ile njia ya nyumba yetu na mwendo ule ule, mara na upepo wa kwado, mara na wangu. Na wa kwado maji yalibaki kidogo chini na kapeti ikaloa. Na wangu yalimwagika kidogo tu pembeni. Mke wangu anataka kujua kwa nini gari inanuka, nimemwambia ni sayansi.

Ubaya upo, sitawaficha. Ubavu mrefu wenye kulegea unakatwa mbio kuliko ule wa shemeji. Moja yangu imeshakula jiwe, mkato haukufika ku nyuzi, naiangalia kila wiki. Ukipita juu ya jiwe lipandishe katikati ya pine, usilichubue na ubavu, na usiegeshe ukiwa umebana ku ukingo. Kwado akikuambia atakushonea ubavu uliopasuka mshukuru uende, tundu la katikati linazibwa, ubavu hauzibwi.

Mama mkwe sasa analala njiani mpaka Ndosho, akiamka ananiuliza kama gari ni ya kukodi. Imebaki ya akiba tu, bado ni ile 18 ya zamani, inasaidia kufika nyumbani ila gari inakaa upande, basi mwenye anajua kwenye kuna janti moja ya 17, matundu tano, 114.3, isiyopinda, aniambie, bei tutaongea, na nitakuja kuizungusha chini kwanza.