Siku moja na viola mgongoni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri
Kuta za chumba changu hapa Kayole ni nyembamba, kwa hiyo mazoezi ya asubuhi ni ya kunong'ona. Nabana kibanio cha nguo, kile cha mbao, juu ya daraja la viola (ndugu wa fidla, mkubwa kidogo na mwenye sauti nzito zaidi) pale nyuzi zinapoegemea, na sauti inafifia ikawa kama ya mbu. Dakika ishirini za skeli, kupanda na kushuka ngazi ya sauti, polepole. Jirani amezoea. Siku nisipopiga hugonga kuuliza kama niko salama.

Saa moja asubuhi
Stejini. Kundi letu ni watu wanne: fidla mbili, viola na chelo. Tumezoea kuitana kwa vyombo, yaani Kwanza, Pili, Viola na Chelo. Mwenye mateso ya usafiri ni Chelo, maana chombo chake ndicho kikubwa kuliko vyote. Makanga wa leo ameliangalia lile sanduku akauliza, "Boss, hiyo ni gitaa ama ni maiti?" Kisha akadai nauli ya watu wawili. Tumebishana mpaka akakubali nauli moja na nusu, kwa sharti tumpigie kitu njiani. Hatukupiga. Ndani ya matatu hata kiwiko hakina pa kwenda.

Saa tatu
Wodi ya watoto. Sista ametupangia viti kati ya vitanda na kutuonya kuhusu mtoto mchanga aliyelala kule mwisho. Tumepiga muziki wa mtunzi Dvořák, kile kipande alichokiandika mwaka 1893 akiwa likizoni Spillville, kijiji cha wahamiaji wenzake Wacheki huko Iowa, Marekani. Nakipenda kwa sababu moja ya ubinafsi: wimbo wa kwanza kabisa unaanzwa na viola. Vipande vinavyotufanyia heshima hiyo tunavijua kwa majina, maana si vingi.

Baadaye tulipofika sehemu ya polepole, msichana mmoja mwenye dripu mkononi alinikazia macho. Tulipomaliza akauliza, "Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

Swali zuri. Sehemu ile fidla na chelo ndizo zinazoimba. Mimi nabaki katikati nikitikisa nota zilezile. Nikawaomba wenzangu warudie mistari michache bila mimi, kisha tukairudia wote wanne. Akafikiri kidogo.

"Ile ya kwanza ilikuwa imetoboka."

Nimesoma nadharia ya muziki miaka kadhaa na sijawahi kuelezwa kazi yangu vizuri hivyo.

Saa saba kasoro
Gikomba. Hapa ndipo pagumu na ndipo ninapopapenda. Wauza mitumba wanaita bei, mikokoteni inapiga kelele ipishwe, na upande wa Kamukunji mafundi wa jua kali wanagonga masanduku ya bati. Mara ya kwanza tulipokuja tulikandamiza nyuzi kwa nguvu zote, jasho likatutoka, na hakuna aliyegeuka. Kelele zetu zilikuwa kelele nyingine tu sokoni. Pili ndiye aliyesema tujaribu kupiga chini zaidi. Nilimwona amechanganyikiwa. Lakini mtu akisikia kitu nusu husogea apate nusu iliyobaki, na akisogea hunyamaza.

Leo upepo ulitaka kubeba karatasi zetu za nota. Mama anayeuza sweta akachomoa vibanio vyake kwenye kamba, akatubania mwenyewe, akarudi kwa wateja wake.

Tukapiga muziki wa mtunzi Haydn, kile kipande cha mwaka 1781 kinachojulikana kwa mzaha wake mwishoni. Wimbo unakatwa vipandevipande, kimya kikiingia kati. Kisha kimya kirefu kuliko vyote, unaamini umeisha. Kumbe unaanza tena, kwa sauti ndogo, halafu unakatika hapohapo na ndio mwisho kweli. Mama wa sweta alipiga makofi mapema mara mbili, akajicheka. Fundi mmoja alikuwa amesimamisha nyundo hewani, hajui kama ashushe.

Fundi viatu, mzee wa kutoka Siaya, akamwambia Kwanza, "Hiyo ni orutu tu, mmeiongeza nyuzi." Orutu ya Wajaluo ina uzi mmoja na hupigwa kwa upinde vilevile, kwa hiyo hatukuwa na la kumbishia. Tukamwongezea benga, Chelo akidonoa nyuzi kwa vidole. Mzee alicheza akiwa ameketi, kiatu cha mteja bado mkononi.

Saa tisa
Shule ya msingi, Korogocho. Chelo alikulia mtaa huu. Alijifunza katika Ghetto Classics, mradi wa muziki aliouanzisha Elizabeth Njoroge mwaka 2008. Watoto walimjua yeye, sisi wengine tulikuwa wageni wake.

Saa kumi na mbili jioni
Harusi. Hii ndiyo inayolipa kodi. Tumewekwa nyuma ya meza ya keki, mikrofoni mbili, spika kubwa, na saa mbili nzima hakuna aliyenyamaza. Vyakula vizuri, lakini. Aliyetuajiri kwa harusi ya mwezi jana bado anasema "kesho, kesho."

Saa nne usiku
Nimefungua sanduku nipanguse vumbi la Gikomba kwenye viola. Ndani ya mfuko wa nota kuna vibanio vitatu vya plastiki, vya buluu. Si vyangu. Kesho nitapita kwa mama wa sweta kabla upepo haujaanza.