Mfuko wa vyumba kumi na vinne

Saa tano asubuhi. Sare za shule zimejaa mezani, mteja kasimama mlangoni anasubiri suruali ya mwanawe, nami nimeshika mkasi nikijiuliza: hivi leo nilimeza? Kikombe nakikumbuka. Ule uchungu wa kidonge ulimini naukumbuka pia. Lakini ni wa leo au wa jana? Dawa hizi nazimeza asubuhi na usiku tangu 2011, kwenye kikombe kile kile, nimesimama pale pale karibu na ndoo ya maji, na siku zimefanana kiasi kwamba sizitofautishi.

Wanaojua hali yangu huniuliza, "Huwa husahau kumeza?" Nasahau, ndiyo. Ila kinachonitesa zaidi ni kusahau kama nimeshameza.

Nina kifafa. Natumia kabamazepini ya miligramu 200, vidonge viwili asubuhi na viwili usiku. Kwenye kibahasha wanaandika kwa kalamu 2x2, basi, mengine unajipangia mwenyewe. Daktari aliniambia huenda chanzo ni malaria iliyonipanda kichwani utotoni. Mama anasema nikiwa na miaka mitatu nilipata degedege kali, nikabebwa usiku kwa baiskeli kwenda zahanati. Nilikaa salama miaka mingi, halafu nikiwa na miaka kumi na tisa, nikijifunza ushonaji hapa Morogoro, nikaanguka mbele ya wenzangu darasani. Tangu siku hiyo nina kadi ya kliniki.

Kipindi ambacho dawa zilikuwa zinakuja kwenye karatasi zake, zile za kuminya, nilikuwa na unafuu. Ukiona tundu liko wazi unajua umemeza. Mara nyingi lakini wanahesabu kutoka kwenye kopo kubwa, wanakupa vidonge vitupu ndani ya kimfuko cha nailoni, 120 vya mwezi mzima. Hapo huna shahidi. Nikawa nahesabu. Nafuta vumbi la chaki kwenye meza ya kukatia, natandika kitambaa safi, namwaga vidonge, natenga vitano vitano kama ninavyotenga vifungo vya mashati. Tuseme nimeanza kibahasha asubuhi ya tarehe 4 na leo ni tarehe 13. Mpaka jana usiku ni siku tisa, vidonge 36 vimekwenda, vimebaki 84. Nikikuta 82, basi leo nimemeza. Nikikuta 84, sijameza. Hesabu hii imeniokoa mara nyingi. Lakini ukishakosa dozi moja bila kujua, inakupotosha mpaka mwisho wa mwezi, na unaweza kukaa unabishana na vidonge hadi machozi yakakutoka.

Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, msimu wa sare, kazi zilinizidi nikaona sina muda wa kuhesabu. Nikasema ngoja nimeze tena, bora nizidishe kuliko nikose. Kumbe nilikuwa nimeshameza. Mchana ule mstari wa cherehani ukawa miwili, sindano ikawa mbili, na nilipoinuka sakafu ikawa inayumba kama niko kwenye mtumbwi. Nilifunga duka, nikalala mpaka jioni huku binti yangu akinishika mkono. Nesi wa kliniki nilipomweleza alinikalisha chini akanifundisha taratibu: ukikumbuka umechelewa, meza muda ule ule. Kama saa ya dozi inayofuata imeshakaribia, iache iliyopita, endelea na inayofuata. Usifidie kwa kumeza mara mbili. Na usiziache ghafla hata siku moja, hata kama una mwaka mzima hujaanguka, kwa sababu kuziacha ghafla kunaweza kuleta mshtuko juu ya mshtuko, usiokatika. Ukitaka kupunguza au kubadili, unapanga na daktari.

Hilo la mwaka mzima hujaanguka nalisisitiza, kwa kuwa ndipo tunapoponzwa wengi. Ukiumwa unakumbuka dawa bila kukumbushwa na mtu. Ukiwa mzima, unacheka, unashona, unakwenda kwaya, mwili haukudai chochote.

Saa ya kumeza niliichagua mwenyewe, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Nyumbani kwetu baba hakukosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwa hiyo mlio wa kuanza taarifa ulikuwa tayari umo ndani yangu. Ukisikika tu, mkono unakwenda kwenye kikombe. Asubuhi hakuna taarifa ninayoisikiliza, nikaweka kengele ya simu. Ndipo nikagundua jambo ambalo ningependa kila anayemeza dawa alijue. Kengele inalia, nina futikamba shingoni, nampima mteja kiuno. Natoa simu, naizima, naendelea kupima. Na kichwa changu kinahesabu kwamba jambo limekwisha! Kule kuizima kengele kunachukua nafasi ya kumeza. Nikijiuliza baadaye, nakumbuka kabisa kwamba nilifanya "kitu cha saa mbili". Sasa simu inakaa kwenye kigoda karibu na ndoo ya maji, haiji upande wa pili, dukani, mpaka nimemeza. Ikilia inaachwa ilie. Naizima vidonge vikiwa vimeshapita kooni. Wateja wangu wa asubuhi wameizoea.

Lakini kilichonibadilisha hasa ni msiba.

Agosti 2021 bibi mzaa mama alifariki Mahenge. Nilipanda basi stendi ya Msamvu alfajiri, dawa ya asubuhi nikaimezea safarini, tukapita Mikumi, tukafika Ifakara, tukavuka Kilombero, na jioni tukapanda milima hadi nyumbani kwa marehemu. Dawa zilikuwa chini kabisa ya begi, nimezifungia ndani ya kanga. Ndivyo nilivyozisafirisha miaka yote kumi. Wala si kwamba Mahenge ni ugenini kwa kifafa. Kuna kliniki ya kifafa tangu miaka ya 1960, iliyoanzishwa na daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, na watafiti bado wanakwenda huko kuchunguza uhusiano wa kifafa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na wale inzi wadogo weusi wa kwenye mito iendayo kasi. Katika ukoo wetu nimewafahamu wawili waliokuwa wanaanguka. Mmoja alikuwa na sahani yake peke yake na kikombe chake peke yake mpaka anakufa. Nilikiona kikombe kile nikiwa mtoto. Ndiyo maana nilizifunga dawa kwenye kanga.

Msibani wanawake tulilala chumba kimoja, mikeka imegusana ukuta kwa ukuta. Begi langu lilikuwa pembeni, juu yake mabegi ya watu wengine. Kulifikia nilitakiwa kuamsha watu wawili na kueleza natafuta nini. Nikasema nitameza wakishalala. Msibani nani analala? Kwaya zinapokezana, watu wanaingia na kutoka, ukisinzia kidogo unaitwa kuteka maji. Usiku ukapita. Asubuhi kulikuwa na kaburi, wageni, uji wa watu mia. Usiku wa pili ukapita vile vile. Dozi tatu zikaenda, na usingizi sijaupata siku mbili. Kwa mtu mwenye kifafa kukosa usingizi peke yake kunatosha kumwangusha, sembuse na dawa hakuna.

Alfajiri ya siku ya tatu nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nakumbuka harufu ya moshi, nakumbuka mwiko. Sikumbuki kingine.

Nilipozinduka nilikuwa nje, mkono wa kushoto kuanzia kiwiko mpaka kifundo umebabuka. Niliangukia kwenye mafiga. Jino la mbele limekatika kipande, kwa sababu mtu mwenye nia njema alinisukumia mpini wa mwiko katikati ya meno. Wengine walirudi nyuma walipoona povu. Aliyeniokoa ni binamu yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Alinivuta motoni, akanilaza kiubavu, akanilegezea kanga, akawakataza watu kunishika kwa nguvu, akakaa nami mpaka mwili ukatulia. Nayaandika haya ili anayesoma ajue la kufanya: mtoe kwenye hatari, mlaze kiubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, angalia saa. Ikizidi dakika tano, mkimbize hospitali. Na povu haliambukizi kifafa. Haliambukizi kabisa.

Mama mdogo ndiye aliyefungua begi langu kutafuta nguo ya kunibadilisha. Akakuta kanga, akaifungua. Alikaa na vile vidonge mapajani muda mrefu. Halafu akaniuliza, bila ukali, "Mwanangu, ulikuwa unamficha nani? Mimi?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na kila nikilitafuta naona kwamba sikusahau dawa msibani. Nilizificha, na kwa kuwa nilizificha hapakuwa na mtu wa kunikumbusha, wala kitu cha kuniangukia machoni, wala nafasi ya kunyoosha mkono. Akili yangu ilikuwa imekazana kuficha, haikubakiwa na nafasi ya kukumbuka.

Nilirudi Morogoro mkono ukiwa umefungwa bandeji. Wiki tatu sikushona. Siku ya kwanza niliyokaa tena kwenye cherehani sikugusa nguo ya mteja. Nilichukua mabaki ya vitenge nikajishonea mfuko wa kutundika ukutani, wenye vyumba kumi na vinne. Safu ya juu ya njano, ndiyo asubuhi. Safu ya chini ya bluu iliyokoza, ndiyo usiku. Saba kwa saba. Inaanzia Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi ndiyo mosi, na inaishia Ijumaa. Kila chumba nilikipima kwa vidole viwili vya binti yangu, viingie na kutoka bila kukwama. Mdomo wa chumba nimeuacha wazi kidogo, ukipita mbele yake unaona kama kuna kitu au hakuna. Hilo ndilo nililokuwa nalikosa miaka yote. Nikiingiwa na wasiwasi saa tano asubuhi, siulizi tena kichwa changu. Nainua macho. Chumba cha njano cha Jumanne kitupu, nimemeza. Naendelea kukata kola.

Kuna jambo la kuangalia hapo, na fundi mwenzangu akitaka kuiga alijue. Kabamazepini haipatani na unyevu. Ikilowana na hewa ya maji inakuwa ngumu na kupoteza sehemu ya nguvu yake. Kwa hiyo ndani ya kila chumba vidonge vinakaa kwenye kipakiti kidogo cha nailoni kinachobana, mfuko hautundikwi jikoni wala bafuni, na najaza ya wiki moja tu. Zilizobaki ziko kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza, juu ya kabati. Kila Ijumaa usiku, nikishamwaga chumba cha mwisho, binti yangu anahesabu kwa sauti nami natia. Ana miaka tisa. Akikuta kimoja hakijaliwa ananiuliza, na ninamwambia ukweli, kwamba siku ile nilikosa. Dawa zenyewe hazigusi bila mimi kuwepo, hilo tumekubaliana.

Nakosa bado, lakini mara chache, na nikikosa najua ni lini.

Mwishoni mwa Septemba nilirudi Mahenge kwenye arobaini ya bibi. Nilikuwa nimeuweka mfuko ndani ya begi, juu ya nguo safari hii, ila nilipofika nikaanza tena kutafuta kona ya kuuweka. Mazoea ya miaka kumi hayatoki kwa wiki sita. Mama mdogo akauona mkononi mwangu. Akauchukua, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akasifu kazi. Kisha akatafuta msumari akaugongea sebuleni, pembeni ya mlango, karibu na mtungi wa maji, mahali ambapo kila anayeingia lazima apite. Nilisikia uso ukiniwaka. Sikuuondoa.

Saa mbili usiku nilisimama nikachukua Jumamosi ya bluu mbele za watu. Mzee mmoja akauliza ni dawa za nini. Nikasema za kifafa. Akaitikia, "Haya, meza mwanangu," akarudi kwenye mazungumzo yake.

Asubuhi, tukiwa tunaosha vyombo, mwanamke mmoja nisiyemjua vizuri alikuja akachuchumaa karibu nami. Alikaa kimya, akasuuza sahani mbili tatu, akaangalia kovu la mkono wangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ana kijana wa miaka kumi na miwili, anameza kimoja kimoja asubuhi na usiku, na dawa zake wanazificha darini ili wenzake wasizione.

"Ule mfuko," akasema, "unaweza kumshonea na yeye?"

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikamuuliza kijana anapenda rangi gani.