Dada siyo jina

Tangu Jumanne nina maneno matatu kichwani, na aliyeyatia ni Bi Mdogo, binti yangu.

Darasani kwake kuna mtoto mwenye kigugumizi, na yeye na wenzake bado wanamwigiza. Kukanya nimekanya hadi nimechoka, ndipo nikageukia mazimwi. Mtoto hulisema zimwi bila woga, hata pale ambapo kujisema mwenyewe hathubutu. Basi usiku ule nikamsimulia Bi Mdogo, kwa namna yangu, kile kiumbe cha riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818: kimefumbua macho tu, aliyekitengeneza akatimua mbio. Wengi hukiita Frankenstein, kumbe hilo ni jina la huyo aliyekikimbia. Chenyewe hakikupewa jina.

“Hata moja?”

“Hata moja.”

Akanyamaza, akivuta uzi wa shuka. Nikajua sasa tunafika kwa mwenye kigugumizi, na swali langu nilikuwa nalo tayari mdomoni.

“Mama, dada anayekuja kufua anaitwa nani?”

“Dada.”

“Dada siyo jina.”

Nikamwambia alale.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tutamuuliza. Majibu mazuri ninayo manne sasa, yote yamechelewa. Usiku huohuo nilifungua simu: nimemwandika “Dada Nguo”. Na kila ninapomtumia hela, jina lake kamili hutokea kwenye skrini nithibitishe, nami hubonyeza tu. Miaka miwili!

Mengine yote yamesonga: mama mkwe katoka hospitali, baba watoto karudi safarini. Mimi niko palepale kwenye uzi wa shuka.

Jumamosi nikajikaza, nikamuuliza. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. “Kwani wewe unaitwa nani?” Nikabaki kinywa wazi. Akajifuta povu, akatoa simu yake, akanionyesha: “Mama Ghorofani”. Tulicheka hadi Bi Mdogo akatoka chumbani kuangalia kulikoni, akatutazama kama watu waliorukwa na akili. Jina lake siliandiki hapa, sijamwomba ruhusa. Kwenye simu limeshaingia. La kwangu naye kaliandika, ila kakosea herufi moja, nami nimeona haya kumsahihisha.

Kwa mwenye kigugumizi bado hatujafika. Labda kesho usiku, kama Kaka Mtu, kaka yake, atatuachia nafasi ya kusimuliana. Anakohoa tangu jana, kikohozi kikavu, na anashikilia kwamba ni vumbi.