Nilivyofunga mtutu wa gobore bila tone la gundi

"Paka gundi ya mirija miwili, bana vizuri, kesho asubuhi umemaliza." Huo ndio ushauri niliopewa na fundi mwenzangu hapa Keko, Dar es Salaam, nilipopata kazi ya gobore la jukwaani. Kikundi cha maigizo kilikuwa kinaandaa mchezo wa vita vya Majimaji, ile ya 1905 hadi 1907. Ni gobore la kuigizia tu: mtutu wake ni chuma kizima, hakina tundu hata la kupitisha sindano. Ukitaka la kweli, sheria ya silaha ya 2015 ipo, usije kwangu.

Mshauri wangu alikuwa ameshawatengenezea moja kwa njia yake, na nililiona lilivyorudi. Ile sehemu nyembamba ya mbele, inayobeba mtutu, ilikuwa imepasuka kutoka mdomoni hadi katikati. Mninga haukukauka vizuri, masika ikaingia, mbao ikavimba na chuma kikabaki vilevile. Sasa ukishaibana mbao kwa gundi pande zote, iende wapi?

Mafundi wa zamani walilijua hili. Zile bunduki za zamani, Brown Bess za Waingereza mtutu wake ulishikwa na pini, Charleville za Wafaransa zilikuwa na pete za chuma, na zile Hawken za St. Louis kule Marekani zilitumia kabari, unachomoa tu ukitaka kusafisha. Pete zinaonekana mpaka na mtu wa kiti cha mwisho. Nikachagua pini.

Chini ya mtutu nikachonga mifereji mitatu, mipana chini na myembamba juu, nikagonga humo vipande vya chuma vilivyosimama kama masikio. Kuyaingiza masikio kwenye mbao nilitumia masizi ya koroboi: fukiza chuma, kikalishe, kitoe, palipochafuka chonga kwa patasi. Rudia mpaka uchoke. Vijana siku hizi wanapaka chaki, chaki inadanganya.

Sasa utamu wenyewe. Sikio limeshajificha ndani ya mbao, hulioni, na unatakiwa utoboe mbao, sikio, kisha mbao ya upande wa pili, tundu la milimita 2 tu, bila kuukwaruza mtutu. Kwa drili ya mkono keekee inatembea. Unaanza hapa, unatokea kwa jirani. Nikaenda Gerezani, jamaa wa kuchomelea akanikunjia ubapa wa chuma uwe umbo la herufi U. Mkono mmoja wa hiyo U nikatoboa tundu la kupitisha keekee, mwingine nikafunga bolti niliyoichonga ncha, ikitazamana na lile tundu sawasawa. Kabla sijauzamisha mtutu nilishapima kila sikio na kuweka alama pande zote mbili za mbao. Ncha ya bolti ikae kwenye alama ya kutokea, keekee ipite kwenye tundu, basi haina pa kukimbilia ila kwenye ncha. Yule welda alikuja kutazama, akasema, "Fundi, hii kitu uniuzie." Sikumuuzia. Kukunja alinichaji kama elfu tano hivi, na soda juu yangu.

Kisha utoe mtutu. Watu wengi wanaishia kwenye kutoboa wakidhani wamemaliza. Lile tundu la kwenye sikio nililirefusha kwa tupa nyembamba kufuata urefu wa bunduki, mbele kidogo na nyuma kidogo. La kwenye mbao usiliguse. Hapo mbao ikitaka kurefuka au kufupika, pini inateleza ndani ya sikio na hakuna kinachopasuka. Usirefushe kwenda juu na chini, mtutu utacheza.

Pini zenyewe ni spoki za baiskeli. Zinauzwa bei ya pipi, ngumu, na unene wake ni ule ule wa milimita 2. Viringisha ncha kwa tupa, paka nta ya nyuki, gonga taratibu ukianzia upande uleule kila mara, na ukitaka kuzitoa tumia msumari uliokatwa ncha.

Mkurugenzi wa mchezo sasa anataka mengine sita. Yule mshauri wangu bado anauza ushauri wa gundi, na la kwake wameniletea nilibomoe. Bei ya kubomoa nimemwambia mwenyewe, amenuna.