Hakuna picha ya kibao, hakuna kupakia

Tangu nishike ukatibu wa kamati ya afya ya kanisa letu, ushauri mbaya kuliko wote niliopewa ni huu: zawadi haikataliwi. Wazee wameniambia, akina mama wa ushirika wameniambia, hata fundi wa stima ambaye ndiye angepaswa kujua. Mimi nasema inakataliwa, tena kwa barua yenye muhuri, na heshima haipungui. Kontena la mwisho kutoka kwa kanisa rafiki letu la Marekani lilipofunguliwa hapa Vihiga, magharibi mwa Kenya, kila mashine ya hospitali iliyotoka iliwaka na ikafanya kazi. Wenzetu wenye stoo zilizojaa mashine zilizofunikwa mashuka wanauliza tulifanyaje.

Najua kwa nini watu huona haya kusema hapana. Wamisionari watatu wa madhehebu ya Quaker kutoka Marekani walifika Kaimosi, huku kwetu, mwaka 1902, na nyuma yao zikaja shule, hospitali na kiwanda cha kupasua mbao. Babu zetu walipokea, nasi tunapokea. Lakini aliyeleta msumeno wa kupasua mbao alikaa nao hapa hapa, ukikatika anautengeneza. Siku hizi kifaa kinakuja peke yake.

Adui wa kwanza ni stima. Kwao ni volti 120, hezi 60, yaani mizunguko 60 ya stima kwa sekunde. Kwetu ni volti 240, hezi 50. Kila mtu anaijua hiyo tofauti ya volti, na kila mtu ana dawa yake: "Katibu, si mnunue tu transfoma ya kushusha?" Kabla ya kontena hilo la mwisho, tulinunua. Kamati, kwa kubana matumizi, ilichukua ya wati 500 kwa sababu mashine ya kutengeneza oksijeni, ile ya lita 5 kwa dakika, inakula kama wati 350. Kwenye karatasi hesabu imekubali. Tukaijaribu kwenye stoo, mbali na mgonjwa yeyote. Kompresa inapoamka huvuta stima mara kadhaa zaidi ya ile inayokula ikishatulia, kwa hiyo transfoma ilinguruma, mashine ikashtuka, ikanyamaza, ikashtuka tena, na punde tukasikia harufu ya vanishi inayoungua. Mzee wa kanisa aliyekuwa ameshika tochi akasema tuombe. Nikamwambia, "Mzee, tuchomoe kwanza."

Tukaleta kubwa, ya wati 1500, bei yake ikiumiza. Safari hii mashine ikawaka vizuri na watu wakapiga makofi. Nikawaomba wasubiri. Baada ya muda mwili wa mashine ulikuwa moto kupita kiasi, kidude kinachoelea kwenye kipimo cha mtiririko kikaanza kushuka, kisha taa ya tahadhari ikawaka. Tulipopima hewa kwa kipimo cha kuazima, oksijeni ilikuwa chini ya asilimia 82, na hicho ndicho kiwango ambacho WHO, Shirika la Afya Duniani, inataka mashine hizi zisishuke chini yake. Transfoma ilikuwa imefanya kazi yake yote, ila transfoma hubadilisha volti tu, hezi haigusi. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa 50 huzunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za mwendo wake, kompresa inasukuma hewa kidogo, na waya za ndani zinapata moto. Hakuna duka Kisumu litakalokuuzia dawa ya hiyo kwa bei inayoingia akilini.

Ndipo nikaja na sheria ambayo sasa wenzetu wa ng'ambo wananitania nayo: hakuna picha ya kibao, hakuna kupakia. Nyuma au chini ya kila mashine kuna kibao kidogo cha bati au stika. Anayetaka kutoa hukipiga picha kwa simu na kunitumia WhatsApp kabla kifaa hakijatoka stoo ya kanisa lao. Naangalia volti, hezi, wati au ampea, na mwaka wa kutengenezwa. Kikisomeka volti 100–240, hezi 50/60, karibu sana, hicho kinahitaji plagi ya pini tatu tu yenye fyuzi inayolingana, wala usikubali fundi aweke fyuzi ya ampea 13 kila mahali. Kikiwa cha 120 pekee lakini kazi yake ni kupasha joto, kama sufuria ya umeme ya kutakasa vyombo kwa mvuke, hapo hezi si neno. Chukua transfoma iliyozidi wati za kibao kwa theluthi hivi na ukubali. Lakini chenye mota au kompresa kilichoandikwa hezi 60 peke yake kinabaki huko huko kwao, hata kama kimetolewa kwa jina la marehemu mama wa mtu. Hapo ndipo barua yenye muhuri inahitajika.

Kwa mashine ya oksijeni iliyotumika naomba picha ya pili, ya mita ya saa, ile inayohesabu saa ambazo mashine imeshafanya kazi. Ndani ya mashine kuna chembe za zeolaiti zinazokamata naitrojeni, nazo huchoka, tena huharibiwa na unyevu. Mashine iliyokaa miezi imezimwa kwenye stoo yenye unyevu wa huku kwetu inaweza kufa bila kutibu mtu hata mmoja. Ikishafika iwashwe mara kwa mara, mgonjwa awepo asiwepo, na kichujio cha sponji cha nje kioshwe kwa sabuni kila wiki na kikauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Dawa hatupokei kabisa. Mwongozo wa WHO unataka dawa za msaada ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja zinapofika nchini, lakini ukihesabu muda wa kukusanya, meli, bandari na lori, mwaka huyeyuka. Halafu kuna kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Nawaambia watume pesa, tununue MEDS, shirika la kusambaza dawa ambalo makanisa ya Kenya, Wakatoliki na Waprotestanti, yalilianzisha pamoja mwaka 1986 kwa kazi hiyo hiyo. Muuguzi anapata dawa anazozijua, maandishi yanasomeka, na risiti inaenda ng'ambo wiki hiyo hiyo.

Makaratasi yana mtego mmoja unaonikera. Watu wa ng'ambo wanampenda Mchungaji, basi kwenye hati ya shehena wanaandika jina lake. Forodha ikiona jina la mtu binafsi, huo ni mzigo wa mtu binafsi, na habari za msamaha wa ushuru zinaanza kuwa ndefu. Mpokeaji awe kanisa au zahanati, herufi kwa herufi kama cheti cha usajili na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, vinavyosema. Barua ya zawadi, orodha ya kila sanduku na nakala ya hati vitumwe kwa wakala wa forodha meli ikiwa bado baharini, kwa sababu msamaha huombwa, hauji wenyewe, na kontena likikaa Mombasa kuna anayedai pesa za uwanja na mwingine anayedai za kontena lenyewe. Pesa hizo zote pamoja na lori la zaidi ya kilomita 800 tuliziweka kwenye makubaliano, zilipwe na mtoaji. Walishangaa kidogo. Walilipa.

Kikundi kikitaka kuja chenyewe, vizuri, mgeni njoo mwenyeji apone. Ila daktari awe na leseni ya muda ya baraza la madaktari la Kenya kabla ya kukata tiketi, na vijana wapewe kazi nyingine, kwa maana ukuta wa zahanati umepakwa rangi za kutosha.

Sasa wanauliza habari za viti vya magurudumu. Nimewajibu kwamba vile vya korido za hospitali, vyenye vigurudumu vidogo vigumu mbele, vitazama kwenye murram ya kwetu mvua ikinyesha. Tunataka vyenye gurudumu pana mbele, umbali mrefu kati ya mbele na nyuma, na tairi ambayo fundi wa baiskeli wa Mbale, hii ya Vihiga, anaweza kuiziba. Na picha, tafadhali, ya ubavuni.