Gari la umri huu

Kauli moja ya fundi niliyempelekea gari langu, linalovuja maji ya mvua kupitia dirisha la paa, kile kioo cha juu kinachofunguka, imenikaa moyoni tangu Jumamosi na haitaki kutoka. "Dada, gari la umri huu ukilitaka kavu, mvua ikinyesha liache nyumbani." Aliitamka huku akifuta mikono, kwa upole kabisa, bila hata kulifungua dirisha la paa akachungulia kilichomo, na nadhani upole huo ndio ulioniuma zaidi, kwa sababu ukali ningeweza kuujibu. Nilimuuliza, "Kwa hiyo nifanyeje?" Akasema angepaka gundi ya silikoni pande zote, kioo kishikane na paa, nisikifungue tena. Nilimshukuru, nikaondoka. Wiki hii mdogo wangu amechumbiwa, na ofisini tumehamishiwa idara nyingine, lakini kila nilipopata utulivu niliisikia sauti ile ile: gari la umri huu.

Gari hili lina thamani kwangu kwa sababu ya mtu lililotoka mikononi mwake, kwa hiyo siwezi kuambiwa nilivumilie tu. Kila baada ya mvua kubwa, doa la hudhurungi lilikuwa likitanuka kwenye kitambaa cha dari, karibu na taa ya ndani, na zulia la mbele upande wa abiria lilikuwa likilowa kiasi kwamba ukilikanyaga maji yanatoka. Baba watoto alikwishaizoea harufu ya ukungu. Mimi sikuizoea, wala sikuona sababu ya kuizoea.

Nimeirudia kauli ile mara nyingi hadi nikatambua kinachonikera ndani yake: inauhukumu umri kabla ya kutafuta chanzo. Fundi hakuuliza maji yanaanzia pembe ipi, hakuuliza kama yanaingia gari likiwa limesimama au likiwa kwenye mwendo, na hakugusa hata mpira wa kioo. Aliangalia mwaka wa gari, basi. Jioni ile ile nilimpigia mjomba, ambaye kazi ya bodi za magari ameifanya ujanani mwake wote, naye kabla sijamaliza maelezo aliniuliza, "Mwanangu, umemwaga maji kwenye mfereji ukaona yanatokea wapi?"

Ndipo aliponifafanulia jambo ambalo natamani kila mwenye dirisha la paa alijue. Mpira unaozunguka kioo haukuwekwa kuzuia kila tone. Huzuia sehemu kubwa ya maji, na yanayopenya huangukia kwenye mfereji uliozunguka tundu la dirisha. Katika pembe za mfereji huo mna matundu, kwa kawaida manne, yaliyounganishwa na mipira myembamba ya kupitishia maji inayoshuka ndani ya nguzo za gari. Ile ya mbele mara nyingi hutokea karibu na bawaba za milango au nyuma ya madigadi, na ile ya nyuma hutokea karibu na magurudumu ya nyuma. Vumbi na majani vikiiziba, mfereji hufurika, maji yakavuka ukingo na kuingia kwenye dari. Gundi ya silikoni ingeficha tatizo kwa muda tu, kwani siku itakapopasuka hata kidogo, maji yangeukuta mfereji ule ule umeziba.

Jumapili mimi na kifungua mimba wangu tulifungua kioo, tukamwaga maji polepole kwenye pembe ya mbele upande wa abiria. Yalisimama pale pale. Mjomba alikuwa amenionya nisikimbilie upepo wa kompresa, kwa sababu msukumo mkali unaweza kuuchomoa mpira huo wa kupitishia maji kwenye kiungio chake huko ndani, maji yakawa yanamwagikia ndani ya nguzo. Tulitumia uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, tukaulainisha ncha kwa moto usije ukatoboa, tukausukuma taratibu, tukiuzungusha kila ulipogoma. Ulirudi na tope jeusi lenye mbegu ndogo na mabaki ya majani. Tukamwaga maji tena. Mwanangu alikuwa amechuchumaa kando ya mlango, na niliposikia akipiga kelele, "Mama, yanatoka! Yanatoka huku kwenye bawaba!" nilishuka kwenye kigoda nikayatazama mwenyewe, machafu mwanzoni, kisha masafi. Sijui lini nimefurahi hivyo kwa sababu ya maji. Sauti ya fundi haikurudi tena mchana ule.

Mpira wa kioo tuliusafisha kwa kitambaa chenye unyevu, tukaupaka grisi ya silikoni, kwa sababu bado ni mzima na unanesa vizuri. Zulia tuliling'oa, maana sifongo iliyo chini yake hushika maji kwa muda mrefu hata pale juu panapoonekana pakavu.

Chini ya zulia hilo, karibu na kiti cha abiria, nimekuta soketi ya njano, rangi inayotumika katika magari mengi kwa nyaya za mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, ina unga wa kijani wa kutu pale nyaya zinapoingia. Taa ya onyo kwenye dashibodi haijawaka. Sikuigusa soketi hiyo, na fundi wa umeme wa magari ameniahidi wiki ijayo. Hadi aje, nimewakataza watoto kukaa kiti cha mbele, na usiku ninawaza ni soketi ngapi nyingine zimelowa mahali nisipoweza kupaona.