Kupima Ghuba ya Msimbazi kwa Kalenda ya Maji

Mwezi Juni mwaka juzi nilianza kuchota maji kwenye mlango wa Mto Msimbazi, karibu na Daraja la Selander, kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, saa nne kamili asubuhi. Kwa taaluma mimi ni fundi sanifu wa maabara, na katika kazi yetu tunafundishwa tangu siku ya kwanza kuheshimu utaratibu: mahali pale pale, saa ile ile, chupa ya aina ile ile. Hakuna aliyenituma. Ninaishi Upanga, watoto wa mtaani kwetu huenda kuogelea Coco Beach kila sikukuu, na nilitaka kujua wanaogelea ndani ya maji ya namna gani.

Mto wenyewe wakazi wa Dar es Salaam wanaujua, hasa siku unapofurika Jangwani. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza jiji kwa takribani kilomita 35, na njiani unapokea vijito vya Sinza, Ubungo, Luhanga na Kinyerezi kabla ya kuingia baharini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na sehemu kubwa yao hutumia vyoo vya shimo au matangi ya majitaka, ambayo mvua ya masika inapoanza wapo wanaoyatapisha usiku ili uchafu uende na maji. Ongeza machinjio, viwanda, gereji na taka za masokoni. Mbali kidogo na hapo, upande wa Ocean Road, kwa miaka mingi majitaka ya katikati ya jiji yamekuwa yakimwagwa baharini kwa bomba. Kwa hiyo ghuba hii ndogo yenye mikoko inapokea kile ambacho jiji zima limekitoa.

Kuchota sampuli ni kazi ndogo inayotaka uangalifu mkubwa. Unaingia majini taratibu usivuruge tope, unasimama ukiukabili mkondo, unaizamisha chupa ikiwa imeinama mpaka kiwiko kilowe, ndipo unaifungua kifuniko chini ya maji na kuigeuza mdomo kuelekea maji yanakotoka. Chupa inaingia kwenye boksi la barafu na inatakiwa ifike maabara ndani ya saa 6. Huko unayapitisha maji kwenye kichujio cheupe chenye mistari ya miraba, unakiweka juu ya pedi yenye chakula cha bakteria, kisha unakilaza kwenye nyuzi joto 44 kwa saa 16 hadi 18. Bakteria wa kinyesi wakiwapo, kila mmoja anakuwa ameota doa la njano, nawe unahesabu madoa. Kichujio changu cha kwanza kilikuwa njano kitupu. Madoa yalikuwa yameungana kama kiini cha yai, nikalazimika kurudia kwa kuyazimua maji mara mia.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Kuanzia Julai hesabu zilianza kushuka. Agosti zikashuka zaidi, na kufikia mwisho wa Septemba vichujio vyangu vilikuwa na madoa machache ninayoweza kuyahesabu bila kuzimua sana. Nilifurahi mno. Nilichora mchoro wenye mstari unaoteremka vizuri, nikawatumia marafiki kadhaa na kuwaambia kwamba ghuba inapata nafuu. Mmoja wao alikuwa tayari kuupeleka kwa watu wenye mamlaka.

Aliyenisahihisha ni mzee mmoja mvuvi ambaye huketi karibu na daraja akishona nyavu. Nilimwamkia kama kawaida, akaitikia, kisha akanitazama suruali. “Mwanangu,” akasema, “mbona zamani ulikuwa unakanyaga tope, na siku hizi unarudi umelowa mpaka mapajani? Maji unayochota sasa si yale ya mwanzo.”

Nilirudi nyumbani nikafungua jedwali la kupwa na kujaa kwa maji, na nikaona jambo ambalo mvuvi yeyote wa pwani hii analijua bila jedwali. Katika bandari ya Dar es Salaam, siku za bamvua, yaani wakati maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, saa hiyo hiyo huwa yamejaa. Mzunguko kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 14 na robo tatu hivi, wala si 14 kamili. Mtu anayekuja kila baada ya siku 14, saa ile ile, hukuta maji ya kupwa yamemtangulia kwa karibu dakika 40 kila safari. Safari moja huoni tofauti; baada ya safari nane dakika hizo zimefika muda wa saa tano nzima. Nilianza Juni nikichota maji ya mto yanayotoka wakati wa bamvua iliyokupwa, nikamaliza Septemba nikichota maji ya bahari yaliyoingia na kujaa. Ghuba haikuwa imebadilika hata kidogo. Utaratibu wangu mwenyewe, ule niliojivunia, ndio uliochora mstari ule. Niliwaandikia wote niliowatumia mchoro nikawaomba waufute, na ninamshukuru Mungu kwamba haukuwa umefika mbali.

Tangu hapo ninapanga safari kwa mwezi wa angani. Kila awamu ninachota mara nne: bamvua na maji mafu, kupwa na kujaa, na ninaandika saa, upepo na siku ngapi zimepita tangu mvua ya mwisho. Jua nalo lina nguvu zake, kwa sababu miale yake huua bakteria wa kinyesi kwenye maji maangavu, hata sampuli ya alfajiri na ya alasiri zikatofautiana bila mtu kuacha kuchafua. Kwa maji ya chumvi nimeongeza kipimo cha enterokoki, bakteria wengine wa kinyesi, ambao huvumilia bahari kuliko E. koli, bakteria wa matumbo niliokuwa nikiwahesabu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 iliwatumia hao hao kuyagawa maji ya kuogelea katika madaraja manne, na pale wanapozidi 500 katika mililita 100, hatari ya kuugua tumbo inapita mtu mmoja kati ya kumi. Ikumbukwe kwamba hesabu hizo zilitokana na waogeleaji wa Ulaya kaskazini, kwenye maji baridi, na mimi naona tunastahili utafiti uliofanywa kwa watoto wetu, katika bahari yetu yenye joto.

Maji husema habari za leo tu. Anayetaka habari za miaka lazima aangalie tope, kwa kuwa metali kama risasi, kromiamu na kadmiamu hujishika kwenye chembe laini zinazotuama chini ya mikoko ya aina ya michu na milana. Petroli yenye risasi iliondoka katika vituo vya nchi zilizo kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kutuama haikuondoka nayo. Chaza wa miambani naye ni kipimo, kwani huchuja maji mchana na usiku na kuhifadhi mwilini kile alichokutana nacho. Wazo la kuwatumia viumbe wa aina yake kama walinzi wa pwani lilitolewa na mwanasayansi Mmarekani Edward Goldberg mwaka 1975. Hapa kwetu chaza huyo huyo anabanduliwa na akina mama na kuliwa jioni, kwa hiyo anayempima anapima pia sahani ya chakula.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na Mradi wa Bonde la Msimbazi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022 umelenga zaidi mafuriko. Ninachokiomba kwa moyo wote ni vipimo vya kudumu mlangoni mwa mto, vinavyofuata bamvua na mvua, na matokeo yabandikwe ufukweni kwa Kiswahili, yasomwe na mzazi kabla mtoto hajavua shati.

Yule mzee ameniuliza wajukuu zake waogelee lini. Nimemjibu kwa kile ninachoweza kukitetea: wasiingie siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, wakae mbali na mlango wa mto, wasubiri maji yajae, na wasifunue midomo wanapopiga mbizi. Alinisikiliza, akahesabu vidole, akasema Jumamosi ijayo maji yatajaa mnamo saa kumi jioni. Niliangalia jedwali kwenye simu. Alikuwa amekosea kwa dakika 10.